Shangazi Anajibu Pole

— Hivi huyo mama ambaye watu wote hawa wanampa mwanangu pole kwa kumzika, si ndiye mimi?

Shangazi aliuliza hivyo Alhamisi, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli la moto, mbele ya wanaume watatu wa kijiweni. Mmoja alikohoa. Mwingine aliinama kufunga kamba za viatu, naye alivaa ndala. Shangazi akasubiri kidogo, akaitia simu mfukoni mwa aproni, akarudi kazini.

Kijiwe chenyewe ni benchi lililoegemea kibanda cha kutengeneza simu. Ubao wake zamani ulikuwa mlango wa duka. Tundu la kitasa lipo mpaka leo, na anayekaa juu yake huinuka na duara kwenye suruali. Wenyeji wake ni watatu. Fundi Simu ndiye mwenye kibanda, mtu ambaye hata ukimweleza umeachwa na mchumba atakuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha. Mkasi ni kinyozi wa mkabala. Akisikia hoja imepamba moto huacha kichwa cha mteja nusu, akavuka barabara na shanuo mkononi. Meneja hajawahi kuwa meneja. Alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda mpaka kikafungwa, na kwa kuwa aliwafungulia mameneja wote, cheo akaondoka nacho yeye. Mimi, binti pekee pale, wananiita Wakili, kwa sababu ya mdahalo wa chuo. Chuo kimefungwa, wahadhiri wamegoma, na mama kaona kuliko nikae ndani nikibishana na kuta, bora nije nimshikie birika lake la kahawa ya kuuza.

Na niseme mapema: kuhusu kilichotokea pale sina nia ya kuwa mpole.

Shangazi ni dada yake baba. Anapiga pasi kwenye duka la dobi lililo nyuma ya soko, mashati ya watu wa ofisini na mashuka ya nyumba za wageni, na mikono yake imezoea joto kiasi kwamba hupokea kikombe cha kahawa kwa chini, panapounguza, bila kushtuka. Ana mtoto mmoja, binamu yangu, aliyehamia mji mwingine na kupata kazi ya kuandikia makampuni matangazo. Mama yake akimpigia, hapokei. Yuko kwenye kikao. Sijui ni kikao gani hicho kisichofungwa. Lakini kwenye ule mtandao wa maneno mafupi, ule ambao mtu anatupia sentensi mbili na dunia inamjibu, huko yupo asubuhi, yupo mchana, nadhani hata chooni yupo. Anajiita Mtoto wa Dobi. Wafuasi kibao.

Wazo la kumwingiza Shangazi lilikuwa la Fundi Simu.

— Shangazi, unahangaika kupiga simu na mtu yuko huku anaongea kutwa. Si umfuate?

— Nimfuate kwa nauli ipi?

— Kumfuata huku ni kubonyeza tu.

— Kumbonyeza nani?

Ndivyo somo lilivyoanza, Jumatatu, mbele ya benchi zima. Fundi Simu alimfungulia akaunti, akampiga picha akiwa na aproni, akamwambia haya, sema neno lako la kwanza. Shangazi akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama anavyopitisha pasi kwenye kola. Mara akasita.

— Mbona hii namba imekuwa nyekundu?

— Herufi zimekwisha.

— Zimekwishaje, na mimi sijafika hata kwenye jambo lenyewe? Ndiyo kwanza nawaulizia watoto.

— Huku salamu hazina kazi, Shangazi. Watu wanaingia moja kwa moja.

— Nyumba gani hiyo, mtu anaingia bila hodi, anasema lake, anatoka?

— Ndiyo raha yake! — Mkasi alisema. — Hakuna kuulizana mmelalaje.

— Basi watakuwa hawajalala vizuri.

Akagoma. Akaigawa salamu yake vipande vitatu, akaituma yote: hamjambo nyote mliomo humu, wakubwa shikamooni, wadogo mko wazima, mimi ni mgeni, naomba mnipokee. Kisha akabaki amesimama, simu mbele ya uso, akingoja kuitikiwa. Kimya. Nilimwona anavyonywea. Kwake yeye kusalimia kundi la watu na wasiitikie ni sawa na kutemewa mate. Fundi Simu alijitahidi kumweleza kwamba hana mfuasi hata mmoja, hakuna aliyemsikia. Akasema sasa kama hakuna anayesikia, wanaandikia nini?

Ila kesho yake mtu mmoja alimwitikia. Dereva wa lori, asiyemjua, wa sijui wapi, mwenye kawaida ya kuposti kuku wake. "Hatujambo mama, marahaba ya kwetu tutaitoa wapi, sisi ndio wa kukuamkia. Shikamoo." Shangazi alicheka mpaka akaketi. Akamsalimia kuku mmoja mmoja. Jumatano akakuta mwanamke analia kwamba shuka lake jeupe limeshika kutu. Akamwandikia weka limau na chumvi, anika juani, usilisugue kwa hasira. Likakubali. Mwanamke akaposti picha ya shuka, watu wakaanza kumuuliza Shangazi habari za wino, jasho, mafuta ya gari. Alikuja kijiweni anatembea kama msichana.

— Leo nimewajibu watu ambao sitawaona mpaka nakufa, — alisema. — Na wote wamesema ahsante.

Nilifurahi naye. Sikufichi, kwa siku hizo nilidhani mtandao ule una faida.

Alhamisi ndipo alipojua kufungua ukurasa wa mtu na kuusoma kuanzia juu. Akafungua wa mwanawe. Akatusomea kwa sauti, kwa kujivuna, kwa sababu posti ya kwanza kabisa ilihusu kazi yake: "Tangu nimzike mama, kila shati jeupe linaniliza." Akaendelea kusoma mstari wa chini yake kabla ule wa kwanza haujamfika. Pole sana kaka. Mungu amrehemu. Mama ni mama. Pole. Pole. Alikuwa amefika ya sita au ya saba sauti ilipokatika, ndipo akauliza swali lile ambalo wanaume wangu watatu walilikwepa.

Sasa sikia alichofanya Ijumaa. Kwetu pole haiachwi ikae bila jibu. Mtu akikupa pole, unampokea, unamshukuru, unamwulizia na kwake. Basi Shangazi, kati ya shati na shati, pasi ikipata moto, aliwajibu wote. Mmoja baada ya mwingine. "Ahsante mwanangu kwa pole yako. Ila mimi ni mzima, nipo kazini. Nisalimie wazazi wako." Akamjibu hata aliyeweka ua tu bila neno.

Jumamosi akaja kijiweni kabla ya saa yake.

— Hamjambo wanangu.

— Hatujambo. Shikamoo Shangazi.

— Marahaba. Fundi, hebu nitazamie. Mwanangu hayumo.

— Hayumo vipi?

— Jana alikuwemo. Leo nikibonyeza jina lake naletewa ukurasa mtupu, na vimaandishi hapo chini. Miwani nimeiacha kazini.

Fundi Simu akavisoma vile vimaandishi. Najua alivisoma, kwa sababu midomo yake ilicheza. Kisha akaichukua ile simu akaifuta kioo kwa shati, akaifuta tena, kioo ambacho hakikuwa na doa.

— Simu imeshiba, — alisema.

— Imeshiba?

— Ee. Umesoma watu wengi wiki hii. Simu ndogo kama hii ikishiba inaanza kutoa watu.

— Na inaanza na mtoto wa mwenyewe? — niliuliza. — Yule dereva yupo. Kuku wake wapo. Kimebaki hata kifaranga, katolewa binamu?

— Wakili, kunywa kahawa, — Meneja alisema.

— Kahawa nauza, sinywi.

Mkasi akamwona Fundi anazama, akaingia kumwokoa. Shanuo juu.

— Si simu. Ni mnara. Kule aliko kijana kuna majengo marefu, na maneno yake yanakuja kwa kupinda. Jana kulikuwa na upepo. Upepo ukibadilika, maneno ya kule yanaangukia mtaa mwingine.

— Kwa hiyo kuna mama mwingine anamsoma mwanangu?

— Inawezekana kabisa, Shangazi.

— Atajua la kumjibu?

Mkasi akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeanzisha upepo.

— Tuache mambo ya upepo, — Meneja alisema, akajiweka sawa juu ya tundu la kitasa. — Mimi nimekaa geti, najua mambo ya wakubwa. Mtandao ule una ghorofa, dada yangu. Sisi sote tuko chini, tunapiga kelele. Mtu akiwa na wafuasi wengi, tajiri mwenye mtandao anampandisha juu. Huko juu kuna zulia. Akishapandishwa, wa chini hamumwoni, labda kwa kibali.

— Kapandishwa cheo?

— Kapandishwa cheo.

— Basi si angeniambia?

— Huko juu wananyang'anywa simu mlangoni.

— Uongo! — nilisema. — Meneja, mimi niko chini na ninyi, sina wafuasi hata wa kujaza benchi hili, na...

Nikasita. Mkasi alikuwa amenikanyaga mguu. Kwa makusudi, tena kwa kisigino. Ndipo nilipowaelewa. Si kwamba hawakujua nani kamfungia Shangazi mlango. Watatu wote walijua tangu Fundi alipofuta kioo, na walikuwa wakirundika maneno juu ya jambo lile kama watu wanaofukia kinyesi cha paka kwa mchanga. Na mimi, samahani, sijalelewa hivyo. Mwanamke mzima, aliyesimama kwenye joto la pasi miaka yote akamsomesha huyo mwanawe mwenye mdomo, anadanganywa kuhusu zulia kama mtoto anayenyimwa pipi. Huruma gani hiyo? Wanaume wakiogopa machozi ya mwanamke, huita woga wao huruma.

Mkasi akaendelea, haraka, jicho likiwa kwangu.

— Au pengine si yeye kabisa anayeandika. Siku hizi kuna mashine. Kijana kachoka, kaiachia mashine imwandikie. Sasa mashine haina mama. Imekuona unasema mimi ndiye mama, imeshtuka, ikafunga mlango.

— Na waya wenyewe unapita chini ya bahari, — Meneja alidakia. — Watu hawajui hilo. Samaki mkubwa akijigeuza pale, upande wa mtoto unabaki, upande wa mama unakatika.

— Huyo samaki huondoka baada ya muda gani? — Shangazi aliuliza.

Hakuwa anatania. Alitaka kujua.

— Inategemea na shibe yake, — Meneja alisema kwa sauti ya chini.

Shangazi akaketi. Nikampa kikombe, akakipokea kwa chini. Akawa anafikiri, na alipoongea alikuwa anaongea na kahawa zaidi kuliko na sisi.

— Mimi nimewaza tofauti. Nimewaza kuna mtu alimdanganya mwanangu kwamba nimekufa. Si mnajua watu walivyo? Akaamini. Pengine hata walimwonyesha kaburi la mtu mwingine, akalia pale. Ndiyo maana nikipiga hapokei. Nani ataipokea simu ya maiti? Akiona jina langu kwenye kioo anatetemeka. Na jana nimemtokea ghafla, najibu watu, nasema nipo kazini. Nimemtisha. Nilipaswa kuanza naye yeye taratibu, kabla ya wageni.

Mkasi alikaa chini, shanuo kalishika mapajani. Mteja wake alikuwa mlangoni ng'ambo ya barabara, shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele, anapiga mluzi. Hakuna aliyegeuka.

Nikatoa simu yangu. Sikuwa na haja ya kutafuta sana. Mtoto wa Dobi alikuwa wa kwanza kabisa, tena ameandika asubuhi ileile. Nikasoma. Kwenye mdahalo wanatufundisha tusimjibu mtu mpaka tuwe tumeielewa hoja yake kuliko anavyoielewa mwenyewe. Nilisoma mara tatu nikitafuta hoja. Haikuwamo.

— Binti, — Shangazi alisema. — Wewe kwenye simu yako unamwona?

Birika lilikuwa mkononi mwa kushoto. Fundi Simu alikuwa ananitikisia kichwa taratibu, hapana, hapana. Meneja kafumba macho.

— Namwona, — nilisema.

— Kumbe yupo.

— Yupo.

— Kaandika nini?

— Wakili, — Mkasi alisema. — Nakuomba.

— Kaniuliza mimi, Mkasi. Hajakuuliza wewe.

Nikamsomea. "Ndugu zangu, kuna mwanamke tapeli anajifanya marehemu mama yangu, anawajibu mlionipa pole. Nimeshamblok. Nanyi mblokini, mripotini. Wengine hawana haya hata mbele ya kaburi."

Fundi Simu akaingia kibandani kwake, akaanza kupanga bisibisi zilizokuwa zimepangwa.

— Soma tena hapo mwisho.

— "Wengine hawana haya hata mbele ya kaburi."

— Kaandika mwenyewe? Si ile mashine?

— Hakuna mashine, Shangazi. Na hakuna samaki. Kaandika mwenyewe, na anajua ni wewe, kwa sababu picha yako ipo pale na aproni yako. Watu walianza kumpa pole siku moja, akaona pole ni tamu, akaamua usiwepo.

Nilitegemea atalia. Nilikuwa tayari kwa hilo, nimeshaweka birika chini ili nimshike. Hakulia. Aliiweka kahawa yake kwenye ukingo wa benchi, bila kuimwaga.

— Watu wanasemaje?

— Wanakutukana. Sitakusomea.

— Sikuulizia mimi. Yeye wanamwambiaje?

— Wanampa pole. Nyingi kuliko zile za kwanza.

— Wote wanamwamini?

— Karibu wote. Wapo wawili watatu wanaouliza. Wanasema huyo mama mbona anaongea kama mama kweli. Mmoja anamtaka aseme alikuzika wapi, na lini.

Hapo ndipo niliona amebadilika uso. Matusi hayakumgusa, tapeli haikumgusa. Hilo lilimgusa.

— Na kazini kwake wanasoma haya?

— Wanasoma, Shangazi. Bosi wake mwenyewe kampa pole.

— Itakuwaje wakimjua?

— Itakuwa vizuri! — nilisema, na hapo nikasimama, kwa sababu hoja zilikuwa zimejipanga zenyewe kichwani, na sijawahi kuwa na upande wenye haki kiasi kile. — Sikiliza. Tunakupiga picha sasa hivi, hapa, na gazeti la leo. Naiweka kwenye akaunti yangu, naweka na cheti chake cha kuzaliwa kama unacho. Wale wanaouliza tunawajibu mmoja mmoja, kama ulivyowajibu jana. Nampa mpaka jioni. Hatakuwa na mfuasi, hatakuwa na pole, na hiyo kazi ya kuuza maneno wataona kama wanamtaka mtu aliyemuuza mama yake. Atapiga simu, Shangazi. Hicho kikao kitaisha leo. Atapiga huku analia.

— Anastahili, — Meneja alisema, sasa hivi akiwa jasiri. — Mimi nitasimama kwenye picha, kama shahidi.

— Na mimi, — Mkasi alisema.

Fundi Simu akatoa kichwa dirishani. — Kamera ya simu yangu ni nzuri. Mwanga ni huuhuu.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amenitazama usoni muda wote, kwa makini, kama anavyolitazama shati kabla hajaligusa na pasi, kujua litaungulia wapi.

— Umemaliza?

— Nimemaliza.

Akaichukua simu yake kwa Fundi Simu, akaifungua, akaniwekea mkononi.

— Basi nifutie yale niliyowajibu wale watu jana. Yote, moja moja. Mimi vile vitufe vidogo sivioni vizuri.